Bomba la Ukuta wa Kusini

Kila asubuhi, jua likianza kuchungulia juu ya mashamba ya mahindi ya wilaya ya Holmes, Orpha Schlabach alikuwa ameshakamua ng'ombe na kusuuza ndoo. Kazi iliyofuata ilikuwa kufagia karakana ya useremala ya baba yake. Maranda yalilala kila mahali: juu ya msumeno, chini ya mashine ya randa, hata kwenye ukingo wa dirisha. Ukiyafagia leo, kesho unayakuta yamerudi kana kwamba hakuna aliyeyagusa.

Lakini si maranda yaliyomnyima raha msichana huyo wa miaka kumi na miwili. Lililomnyima raha ni vumbi lile laini kama unga wa ngano, ambalo ufagio hauliwezi. Hilo ndilo lililokuwa limeingia kifuani mwa baba yake, Atlee. Zamani Atlee ndiye aliyeanzisha nyimbo katika ibada, akivuta sauti peke yake mpaka watu wote wakampokea. Mwaka huu kikohozi kilimkata katikati ya ubeti, akampa mwenzake kitabu na kuinamisha kichwa. Daktari wa mjini naye hakumficha: akiendelea kula vumbi namna ile, itambidi auze mashine zake kabla ya majira ya baridi.

Ndipo Atlee akanunua feni kuukuu ya kufyonza vumbi, pamoja na mabomba ya bati, kwa fundi mmoja aliyestaafu. Nyumba za Waamishi kama wao, Wakristo wanaoshika maisha ya kale, haziingizi umeme wa nguzo, hivyo feni ingezungushwa na injini ile ile ya dizeli iliyozungusha msumeno. Kilichobaki ni kufunga mabomba ukutani.

"Mahlon, wewe ukuta wa kaskazini," Atlee aliwaambia wanawe. "Orpha, wewe wa kusini."

"Baba, huyu atafunga nini?" akasema Mahlon, kaka yake Orpha. "Ngazi yenyewe anaipanda kama kuku."

"Na wewe unaishuka kama gunia la viazi," Orpha akamjibu. "Tutaona nani atamaliza kwanza."

"Hapa hakuna mashindano," Atlee akawakatiza. "Nisikilizeni. Kabla ya kutia skrubu, gonga ukuta. Pakilia kwa uzito, nyuma yake pana nguzo. Funga hapo kibano chako cha kushikia bomba. Pakilia kama debe tupu, hama. Plaiwudi peke yake haibebi kitu."

Akakohoa, akatoka nje kutafuta hewa.

Orpha alianza vizuri. Aligonga, akasikia uzito, akafunga kibano cha kwanza. Skrubu ililia ikiingia kwenye mti, *kiik*, mpaka kiganja kikamuuma. Akasogea. Akagonga: patupu. Akasogea tena: patupu. Ng'ambo ya karakana Mahlon alikuwa akipiga mluzi.

"Cha tatu hiki, kuku! Wewe uko wapi?"

Orpha akakumbuka siku aliyomsaidia mama yake kufunga rafu chumbani. Kule nyumbani nguzo za ukuta zilifuatana kwa karibu, kwa umbali mmoja. Basi akaupima umbali ule kwa tepu, akatia alama za penseli ukuta mzima, akaacha kugonga. Hakukumbuka kwamba karakana ilijengwa kama ghala la nyasi, kwa nguzo nene chache zinazosimama mbalimbali.

Skrubu ya kibano cha pili iliingia upesi mno. Haikulia. Mwisho ikawa inazunguka tu kama kijiko kwenye uji. Mkono ulikuwa umeshamwambia Orpha kwamba nyuma yake hapana nguzo.

"Cha tano!" Mahlon akapaza sauti.

Orpha akashuka, akasogeza ngazi kwenye alama iliyofuata.

Alimaliza wa kwanza. Injini ilipowashwa, feni ikanguruma, mabomba yakavuma, na vumbi la randa likainuka kama moshi, likamezwa lote. Mama yao, Lovina, alikuja mbio kutoka jikoni, akapiga makofi kwa mikono yenye unga.

"Ukuta wa kusini umenyooka kama uzi," Atlee alimwambia binti yake. "Kazi safi, mwanangu."

Neno lile lilipaswa kuwa tamu. Orpha akaondoa ngazi pale ukutani bila kumtazama.

Wiki hiyo zamu ya ibada ilikuwa ya kwao. Watu wao hawana jengo la kanisa. Husali nyumba kwa nyumba, na kwa Schlabach mahali penye nafasi palikuwa karakana. Ijumaa gari la farasi likaleta mabenchi. Mashine zikasukumwa nyuma, sakafu ikapigwa maji. Jumamosi asubuhi Lovina akasimama chini ya ukuta wa kusini.

"Hapa atakaa Verna, jirani yetu, na kichanga chake," akasema. "Kuna mwanga mzuri, na upepo wa mlangoni haufiki."

Orpha akainua macho. Kati ya kibano cha pili na ukuta palikuwa na mwanya. Mtikisiko wa wiki nzima, pamoja na maranda yaliyotuama ndani ya bomba, vilikuwa vinaing'oa skrubu polepole.

Aseme sasa, na kila kitu kiko tayari? Mahlon angemcheka mpaka uzeeni. Labda bomba lingeshikilia hadi ibada iishe. Alijaribu kusali kimya, lakini kila alipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" sala iligoma, kwa sababu hilo kosa alikuwa hajamwambia mtu.

Mchana waliketi mezani, wakainamisha vichwa kushukuru kwa chakula. Baba yake alipoinua kichwa, Orpha akasema, "Baba, Verna asikae pale."

"Kwa nini?"

"Bomba litaanguka. Niliacha kugonga. Nilipima kama kuta za nyumbani. Skrubu zilizunguka bure, na nilijua, Baba. Nilijua siku ile ile."

Kijiko cha Mahlon kikasimama hewani. Atlee aliweka mkate chini, akatoka, nao wakamfuata. Alikishika kibano cha pili kwa vidole viwili tu, akavuta. Kikatoka chote pamoja na unga wa plaiwudi, na bomba likalalama likiinama juu ya benchi la Verna. Lovina akaziba mdomo kwa aproni.

"Nisamehe, Baba," Orpha akasema.

"Nimekusamehe. Toeni mabenchi."

Mahlon hakucheka. Alikuwa ameshavuka kwenda ukuta wake, akigonga hapa na pale.

"Na wewe?" mama yake akamuuliza.

"Kimoja tu nilifunga bila kugonga, Mama." Akagonga tena. "Labda viwili."

"Basi tunao kuku wawili," akasema Atlee, na Orpha akacheka huku machozi yakimtoka.

Lakini muda ulikuwa mfupi. Kesho yake ilikuwa siku ya Bwana. Hakuna ambaye angeshika nyundo.

"Tuyashushe tu mabomba," Mahlon akapendekeza. "Tutafunga wiki ijayo, tukipata nafasi."

"Na Baba arudie kula vumbi mpaka hiyo nafasi ipatikane?" Orpha akasema. Aliutazama ukuta, kutoka nguzo hadi nguzo. "Baba, kama nguzo haipo pale tunapoitaka, si tuweke ubao? Ubao mmoja mrefu na mnene, ushikwe na nguzo huku na huku. Vibano tuvifunge kwenye ubao."

Atlee akamtazama binti yake, kisha ukuta.

"Mwaloni tunao," akasema.

Orpha aligonga, safari hii bila kuruka mahali. Mahlon alibeba ubao, Atlee akakaza. Kila skrubu ililia, *kiik*, na kwa Orpha ule ulikuwa wimbo. Kuta zote mbili zilipokwisha, baba yake akamwonyesha kwa kidole kibano cha pili.

"Ning'inia."

Orpha akapanda ngazi, akaushika ubao kwa mikono miwili, akaachia miguu. Akabembea. Ubao haukutoa hata mlio.

"Mungu ashukuriwe," akasema Lovina. "Rudisheni mabenchi!"

Jumapili kichanga cha Verna kililala ibada nzima chini ya bomba.

Mahindi yalipokauka mashambani, ibada ilikuwa kwa Verna. Mzee wa nyimbo akamsukumia Atlee kitabu. Orpha, upande wa wanawake, akabana pumzi. Sauti ya baba yake ikainuka peke yake, pana, ikapanda, ikashuka, ikafika mwisho wa ubeti bila kukatika. Kisha watu wote wakaipokea.

Wakirudi nyumbani katika gari la farasi, Atlee alimgeukia binti yake.

"Unajua nini kimenirudishia sauti?"

"Feni, Baba."

"Feni, ndiyo. Lakini ilianzia kwa yale maneno yako pale mezani. Kukosea skrubu hakuna fundi asiyekosea. Ila kazi mbovu ukiificha, humwangukia mtu asiye na hatia. Ukisema mapema, inarekebishika, na inakuwa imara kuliko mwanzo. Shikeni hilo, wote wawili."

"Tumeshika," akasema Mahlon kutoka kiti cha nyuma. "Hata kuku ameshika."

Orpha akakunja kidole, akamgonga kichwani.

"Debe tupu," akasema, na gari zima likaangua kicheko.