Kitambulisho Ambacho Hakikupotea

Kila Jumamosi alfajiri Navalayo hujitwika kapu la mboga na kushika njia ya soko la Khayega. Mume wake, Cornelius, hubaki akikamua ng'ombe. Lakini Jumamosi moja ya mwaka wa 1996 Navalayo alirudi upesi, mboga zote zikiwa bado kapuni. Aliketi juani, akajifunika leso kama mwenye baridi.

"Una nini?" Cornelius akamuuliza. "Malaria?"

"Heri ingekuwa malaria, Baba Muhonja."

Akatua kapu. Angesemaje? Njiani alikuwa amemwona Wangila, mwenye bucha, akimtoa Radi kwenye zizi la jirani. Na Radi si ng'ombe hivi hivi. Ni fahali wa kupigana, na Isukha nzima inamjua. Wangila alikuwa ametanguliza mtamba, na yule fahali mkali akafuata nyuma, mpole kabisa, mpaka kwenye lori lililosimama barabarani. Kisha Wangila akageuka. Navalayo alijitupa kwenye mahindi, na mpaka sasa hakujua kama ameonekana.

Kufika adhuhuri, kijiji kizima kilikuwa kinachemka.

"Radi hashikwi na mgeni!" watu walipiga kelele. "Nani anaweza kumfunga kamba? Patroba peke yake!"

Patroba ni mdogo wake Cornelius. Kazi yake ilikuwa kumlisha Radi na kumzoeza kupigana. Masikini, hata kujieleza hakupewa nafasi. Vijana walikuwa wameshaanza kuulizana nani ana kiberiti, ndipo polisi wakafika wakamchukua. Waliokoa maisha yake, lakini wakamfungia seli.

Jioni Navalayo alishindwa kuvumilia. Akamweleza mumewe yote.

"Basi kesho nenda useme!" Cornelius akasema. "Jumatatu ndugu yangu anapelekwa kortini."

"Niseme wapi? Pale kaunta? Christine akiwa amekaa pale na birika lake?"

Cornelius akaelewa. Christine ni dada yake Wangila. Huwauzia askari chai, na hukaa benchi ile ya kituoni kutwa. Kuna mama mmoja aliyewahi kuripoti jambo pale. Kabla hajafika nyumbani, mawe yalikuwa yanaanguka juu ya bati lake.

Usiku huo Navalayo hakupata usingizi. Jumapili asubuhi alifunga obusuma, yaani ugali, na mboga kwenye bakuli, akaenda kituoni. Kila hatua ilikuwa nzito.

"Ee, mama! Sema!" Konstebo Were alimwita kwa sauti, kama mtu anayeuza nguo za mitumba. "Umekuja kuripoti nini? Sema kwa nguvu, sisikii!"

Watu wote wa benchi wakainua macho. Christine alikuwa anamimina chai. Akaacha kumimina, akamtazama Navalayo.

Navalayo akaweka bakuli juu ya kaunta. Maneno yalikuwa mdomoni, lakini hofu ikayarudisha tumboni.

"Nimepoteza kitambulisho," akasema.

Akaacha chakula cha shemeji yake, akatoka haraka. Nje machozi yakamtoka. Alijichukia. Patroba alikuwa ndani ya giza la seli, na yeye amesema habari ya kitambulisho!

"Mama, samahani."

Navalayo alishtuka nusura aanguke. Alikuwa ni yule msichana wa chuo kikuu, Risper. Majuma kadhaa sasa alikuwa anashinda kituoni, anatazama tu. Kijijini watu walisema ni jasusi wa polisi. Polisi nao walisema ametumwa kutoka Nairobi kuja kuwachunguza.

"Kitambulisho chako kinachungulia hapo kwenye fundo la leso," Risper akasema taratibu.

"Uwi! Binti yangu, nisamehe! Usinifunge, nina watoto!"

"Mimi si askari, mama. Ni mwanafunzi. Nasomea shahada ya pili. Nachunguza jinsi polisi wanavyopokea watu, ili nijue kwa nini watu wanaogopa kuripoti." Akatabasamu kidogo. "Wengi huja pale kaunta, wanatazama benchi, kisha wanasema wamepoteza kitambulisho. Nikajiuliza, vitambulisho vya hapa vina miguu?"

Navalayo alitaka kucheka, akalia.

"Usiniambie siri yako," Risper akasema. "Niambie kitu kimoja tu. Ungepata chumba chenye mlango, ungesema?"

"Ningesema. Lakini jina langu?"

"Mimi sitalitaja kwa mtu yeyote bila ruhusa yako. Hiyo ndiyo sheria ya kazi yangu. Ningoje hapa."

Risper aliingia kwa mkuu wa kituo, Inspekta Kipsang. Dirisha lilikuwa wazi, na Navalayo akasikia sauti ya inspekta ikipanda.

"Wewe msomi unataka kunifundisha kazi ya polisi?"

"Hapana, bwana. Nakuambia nilichokiona. Watu wanakuletea habari, wanaondoka nazo. Jaribu mlango mmoja tu, uone."

Navalayo alikuwa karibu kukimbia. Kisha Inspekta Kipsang akatoka, amekunja uso, akafungua stoo ya baiskeli kuukuu.

"Mama, pitia huku nyuma," akasema. "Were, lete karatasi. Na usipige kelele."

Mlango ukafungwa.

"Unaweza kusema kwa lugha unayoielewa vizuri," Risper akamweleza. "Wakimaliza kuandika, wakusomee. Kama kuna neno ambalo hukulisema, waambie walirekebishe. Usitie sahihi kabla hujaridhika. Na uombe namba ya kitabu cha matukio, ili ripoti yako isipotee."

Kisha Risper akatoka nje, kwa sababu maneno hayo hayakuwa yake.

Navalayo akasema. Alisema yote: Wangila, mtamba, lori. Alipotaja mtamba, inspekta akapiga paja.

"Kumbe! Ndiyo maana fahali hakupiga kelele!"

Polisi wakalifuatilia lile lori, na jioni hiyo hiyo Radi akapatikana upande wa Malava, amefichwa nyuma ya shamba la miwa. Wangila alikuwa pale pale, ananoa kisu. Jumatatu Patroba hakupelekwa kortini. Alirudi nyumbani amechoka, akamshika shemeji yake mikono.

Risper alirudi chuoni kuandika utafiti wake, na nakala moja akamletea inspekta. Baiskeli zilitolewa stooni, zikawekwa viti na pazia. Askari walifundishwa kuuliza kwa sauti ya chini. Birika la chai likahamia nje ya geti.

Mwaka uliofuata Navalayo alifika tena kaunta.

"Nimepoteza kitambulisho," akasema.

Konstebo Were hakuuliza neno. Akafungua mlango wa chumba. "Karibu ndani, mama. Hakuna atakayekusikia."

"La, Were!" Navalayo akaangua kicheko. "Leo kimepotea kweli! Kimeniponyoka sokoni!"

Wote wawili wakacheka. Nyuma yao alisimama mwanamke kijana, mtoto mgongoni, jicho moja limevimba. Yeye hakucheka. Alitazama benchi, akatazama mlango, akanong'ona:

"Na mimi... nimepoteza kitambulisho."

Kicheko cha Navalayo kikaisha. Akasogea kando, akamshika yule dada mkono.

"Ingia," akamwambia. "Mimi niliingia."