Nilimwaga Kapu la Mama, Akaambiwa Amechanganyikiwa

"Mama, tuseme ukweli tu. Kichwa chako kimeanza kukuchezea."

Dada yangu mkubwa ndiye aliyesema hayo, sebuleni, mchana kweupe, mbele ya familia nzima!

Mama aliinamia mikono yake.

Na mimi, mwanaume mzima wa miaka ishirini na tisa, niliyejua fika kwamba kichwa cha mama hakina kasoro hata chembe... nikauchuna.

Wadau, naandika haya uso umenishuka. Nitukaneni mtakavyo, ila msome mpaka mwisho.

Mama yangu ni fundi cherehani. Ana darasa lake la ushonaji: chumba kimoja, vyerehani sita, wanafunzi kumi na wawili. Kwa miaka mitatu amekuwa akijirekodi kwa simu anavyofundisha. Kukata kola, kutia zipu, kupima bega. Video zote alizihamishia kwenye kompyuta yetu ya zamani pale sebuleni, ile ambayo unaiwasha, unakwenda kuoga, unarudi, bado inawaza.

Mimi ni kitinda mimba. Nyumbani wananiita Injinia kwa sababu niliwahi kutengeneza redio ikaimba siku mbili. Sifa hizo ndizo zilizoniponza.

Jumamosi moja nilitaka kushusha tamthilia, msimu mzima. Kompyuta ikagoma. Diski imejaa!

Nikaanza ujuaji wangu. Nikaondoa programu zisizotumika, nafasi bado haitoshi. Nikafungua lile kapu la taka, pale mafaili yaliyofutwa yanapokaa kabla ya kutupwa moja kwa moja.

Gigabaiti tisa!

"Takataka zote hizi za nini?" nikasema kwa sauti.

Nikabonyeza. Kapu likabaki tupu, tamthilia ikaanza kushuka, nami nikajipongeza kwa soda baridi.

Jumatatu mama akaniita.

"Injinia, video zangu sizioni."

"Ulizihifadhi wapi, mama?"

"Si kwenye kapu!"



"Kapu gani?"

"Hili hapa pembeni. Mwaka ule nilipofuta picha za mahafali kwa bahati mbaya, fundi kompyuta alizikuta humu, zote salama. Akaniambia kitu kikiwa humu hakijapotea. Tangu siku hiyo vitu vyangu vya maana naviweka humu humu."

Jamani...

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno matatu tu: mama, nimezifuta mimi. Lakini nikafikiria tamthilia yangu, nikaona haya. Mdomo ukatoa mengine kabisa.

"Labda ulizifuta mwenyewe ukasahau."

"Mimi?"

"Umri nao, mama..."

Akaizima kompyuta.

"Labda," akasema.

Kesho yake, alipokwenda darasani, nikamleta fundi kompyuta kwa siri. Akahangaika saa mbili nzima, kisha akatikisa kichwa.

"Ungeniita kabla hujaweka kitu kipya, ningejaribu. Sasa hii tamthilia yako imekaa palepale zilipokuwa."

Habari za video zikawafikia dada na kaka. Basi, ikawa balaa! Mama akisahau kutia chumvi, "Mnaona?" Akimwita mjukuu huyu kwa jina la yule, "Mnaona?" Ndani ya siku kumi na moja mama yangu akageuzwa mgonjwa, na kikao kikaitishwa.

"Darasa tulifunge kwanza," kaka akasema. "Kuna pasi za moto pale, kuna mikasi, kuna watoto wa watu. Ikitokea ajali je?"

"Funguo, mama," dada akanyoosha mkono.

Mama akaniangalia mimi. Mimi peke yangu! Nikageukia kalenda ukutani, nikawa naisoma kana kwamba nimeulizwa tarehe.

Akatoa funguo, akaziweka mezani, dada akazitia mkobani.

Walipoondoka nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata jikoni.

"Mama, kuna kitu..."

"Jumamosi ile nilikuwa chumbani napinda suruali yako," akanikatiza, bila hata kugeuka. "Nilikusikia. 'Takataka zote hizi za nini?' Jumatatu nilipokuta kapu tupu nikaelewa."



"Ulijua? Siku zote hizi?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukusema? Mbona umetoa funguo?!"

Ndipo akageuka.

"Video nitarekodi nyingine, mikono ninayo. Nilitaka kuona mwanangu ataniacha nifike wapi."

Nikapiga magoti palepale sakafuni, nikalia kama mtoto.

"Inuka," akasema. "Mimi hujanidanganya. Uliowadanganya ndio hao wako njiani wanarudi kwao. Kawaambie."

Tangu jana nimeandika ujumbe kwenye grupu la familia mara nne, na mara nne nimeufuta. Kufuta ndiyo kazi ninayoiweza, si mnaona? Nimeona bora niulete huku, maana dada yangu hakosi kusoma simulizi za ukurasa huu, na leo nimejifungia njia ya kurudi nyuma.

Wadau, ukitaka kupunguza vitu kwenye kompyuta ya nyumbani, waulize kwanza wenye vitu, hata vikiwa kwenye taka. Na ukishaharibu, sema siku hiyohiyo. Kila siku niliyokaa kimya, mama ndiye aliyeibeba.

Dada, najua umefika hapa. Mama ni mzima kabisa, mwongo ni mimi. Mpelekee funguo zake leo, kesho saa mbili asubuhi wanafunzi watakuwa mlangoni.