Miche ya Kabichi Iliyoungua

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, wanafunzi wa darasa la sita walipitia bustanini. Shule yao ilikuwa Ntobeye, wilayani Ngara, na bustani ilikuwa bondeni, karibu na kijito. Wengine walipalilia mchicha, na wa zamu alimwagilia kitalu cha kabichi. Mwalimu Bartholomayo alikuwa ameahidi kwamba miche ikikua, kila mwanafunzi atapewa thelathini akapande nyumbani. Odeta na mama yake walikwisha kulima tuta nyuma ya nyumba yao, wakawa wanaisubiri miche hiyo.

Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Odeta. Jumatano walikuta miche imenyauka, kingo za majani zimekuwa kahawia kama zilizopitiwa na moto. Mwalimu aligusa udongo. Juu ulikuwa mkavu. Odeta alisema alikuwa amemwagilia madumu mawili jana yake asubuhi.

“Labda ulimwagilia kwa mate,” alisema Wiston, na wenzake wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Alisema asiyetunza miche hawezi kupewa miche, akalikata jina la Odeta kwenye orodha.

Nyuma ya Wiston, mwanafunzi mwenzao Anneth alitazama chini. Jumamosi alikuwa amekuja bustanini peke yake na ndoo ya samadi mbichi kutoka zizi la mbuzi la nyumbani. Bibi yake, Bonifasia, huimwaga samadi hiyo moja kwa moja kwenye mashina ya migomba, nayo migomba hunenepa. Anneth alitaka miche yao iipite ya darasa la saba. Akaifukia samadi katikati ya mistari, asimwambie mtu. Sasa alishuku kwamba ndiyo iliyoua miche, lakini hakuwa na hakika, na hilo likawa kisingizio chake cha kunyamaza.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Odeta alimwambia Anneth kwamba hajui atamwelezaje mama yake. Anneth akajibu kuwa miche mingine itapatikana sokoni. Aliyaonea haya maneno hayo mara tu alipoyatamka.

Jioni alimkuta bibi yake akimenya ndizi.

“Bibi, samadi mbichi inaweza kuua mche?”

“Mgomba ni mtu mzima, mjukuu wangu. Mche ni mtoto mchanga. Samadi mbichi ina moto, huunguza mizizi.” Bibi aliweka kisu chini. “Nani aliiweka?”

“Mimi.”

“Na aliyelaumiwa ni nani?”

Anneth alimtaja Odeta. Bibi hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kesho awahi shuleni kabla ya wenzake.

Asubuhi alimkuta Mwalimu ofisini, akamwamkia, kisha akamweleza yote. Walikwenda pamoja kitaluni, na walipofukua kidogo wakaiona samadi. Chini kabisa, udongo ulikuwa na unyevu. Baadaye, mbele ya darasa zima, Mwalimu alimwomba Odeta radhi kwa kumhukumu kwa udongo wa juu tu, akaliandika tena jina lake.

Anneth naye aliomba radhi.

“Jana walinicheka,” Odeta alisema, “na wewe ulikuwepo.”

Mchana Anneth alikuwa wa kwanza kushika jembe.

Kitalu kiliandaliwa upya, mbegu zikapandwa. Samadi ilirundikwa pembeni na kufunikwa kwa majani ya migomba ili ioze. Anneth aliomba kumsaidia Odeta kumwagilia mpaka miche ikue. Wiki mbili walifanya kazi bila kuzungumza. Wiki ya tatu Odeta alimwambia ashushe dumu, kwa kuwa maji yalikuwa yanailaza miche. Siku iliyofuata walianza kuongea.

Siku ya kugawa miche, Odeta alipokea yake thelathini, akaifunga kwa jani la mgomba. Mwalimu Bartholomayo akawatazama wanafunzi wake.

“Anneth alikosea kwa kutojua,” alisema, “na asiyejua hufundishwa. Kosa hilo tumelirekebisha kwa kupanda upya. Kunyamaza kwake ndiko kulikomuumiza mwenzake, na jambo hilo lilichukua muda mrefu zaidi kupona. Ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako. Na mimi nimejifunza kuchimba kabla ya kuhukumu.”