Jibu la Masele

Siku treni inapoingia, stesheni ya Mpanda haina adabu. Magunia, kuku waliofungwa miguu, akina mama na watoto migongoni, kila mtu anasukuma. Katika vurugu hiyo Romana alishika robota lake la vitenge lililotoka Tabora, akavuta, likagoma. Upande wa pili kulikuwa na mkono wa mwanamume.

"Kaka, hilo ni langu."

"Dada, hili langu. Ndani kuna kava za simu."

"Kava za simu ndiyo laini hivyo?"

Mwanamume akalibonyeza, akacheka. "Basi langu limepotea. Ila leo sioni hasara."

Huyo ndiye Masele, kijana wa Kisukuma mwenye kibanda cha simu karibu na soko, shati jeupe, limepigwa pasi likanyooka. Romana, Mpimbwe wa Kibaoni, fundi cherehani pale Kawajense, alivaa gauni alilojishonea, na nyie mngeliona lilivyomkaa msingemlaumu Masele. Alilibeba robota mpaka kwenye bajaji, akadai alipwe namba ya simu. Akapewa.

Mapenzi yakakolea upesi. Asubuhi simu, mchana simu.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nangoja uje unilishe."

"Basi utalala njaa."

Masele ndiye aliyemfungulia ukurasa wa Facebook. Alipiga picha kila gauni, akawajibu wateja kwa niaba yake, maana Romana kutwa mikono iko kwenye cherehani. Wateja wakamiminika. Wajomba zake Masele wakapanga kwenda Kibaoni Jumapili kupeleka posa, na ng'ombe walishaanza kutajwa.

Ndipo Monika, binti mmoja aliyekuwa anajiandaa kwa sendofu, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi, akaandika kwenye ukurasa ule: "Huyu fundi hajui kupima. Gauni langu la sendofu halifungi zipu. Msipoteze hela zenu kwake."

Watu wakadandia hapohapo. Mimi alinikosea mkono, mimi alinicheleweshea. Wengine hata dukani kwake hawajawahi kukanyaga, lakini midomo hiyo.

Masele alikuja mbio, simu mkononi. "Umemwona huyu mtu? Niruhusu nimjibu."

"Mwache."

"Anakuharibia biashara, wewe unakunja vitambaa?"

"Masele, mwache. Ana sababu zake."

"Sababu gani? Niambie, maana hapa nachemka."

Hapo Romana akakosea, na alijua anakosea hata kabla hajamaliza kusema. Akamweleza kwamba Monika ni mjamzito. Mimba ni ya mchumba wake, Selestine, lakini baba yake Monika ni katekista kule Kabungu, na akijua kabla ya harusi atamfukuza nyumbani. Monika alimwambia Romana siku ya kujaribu gauni, huku analia, maana tumbo huwezi kumficha fundi aliyeshika futi. Romana akaachia mishono yote iliyoachika ili gauni lipanuke. Tumbo halikusubiri sendofu. Sasa mashangazi wameona zipu imegoma, lazima mtu alaumiwe.

"Bora nilaumiwe mimi," Romana akasema. "Mimi nitapoteza wateja, yeye atapoteza kwao. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?" Masele akajibu, akambusu kwenye paji la uso.

Kesho yake mchana, kibandani kwake, Masele akasoma mtu mwingine akimwita Romana fundi wa kushona magunia. Damu ikampanda. Akaandika kwa jina la duka: "Fundi alipima vizuri. Kilichobadilika ni tumbo. Muulizeni bibi harusi lina miezi mingapi, na ni la nani."

Jua halijazama, Mpanda nzima imeshasoma. Asubuhi yake Monika alisimama mlangoni kwa Romana, amejifunika kitenge mpaka usoni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Dada Romana, baba amenifukuza. Na Selestine ananiuliza ni la nani, wakati anajua kabisa ni lake."

"Monika, si mimi niliyeandika."

"Najua hukuandika. Lakini nilikuambia wewe peke yako."

Monika alipoondoka, Romana alichukua simu akafuta maneno ya Masele, ingawa watu walishayapiga picha na kuyasambaza kila kona. Akaandika kwa mkono wake: "Vipimo nilikosea mimi, Romana. Habari ya mimba ni uongo wa mtu aliyetaka kunitetea. Monika, nisamehe." Aliyeandika uongo sasa alikuwa yeye, tena uongo uliochelewa, lakini hakuwa na kitu kingine cha kumpa yule binti.

Haukupita muda Masele akapiga simu.

"Umeniita mwongo mbele ya watu wote, Romana."

"Nimekuita."

"Nilikuwa nakutetea. Walikuwa wanakutukana, nikashindwa kuvumilia. Kwani hayo si mapenzi?"

"Ni mapenzi. Ndiyo maana nashindwa hata kukuchukia."

"Basi nisamehe, mpenzi wangu. Nitakwenda kwa yule katekista nimpigie magoti. Na Jumapili wajomba wanafika kwenu."

"Waambie wasije."

Kwenye simu Romana alimsikia mteja akiulizia chaja, na hakuna aliyemjibu.

"Kwa kosa moja tu?"

"Mume ndiye mtu wa kumwambia yale usiyoweza kumwambia mwingine yeyote. Mimi nilishaanza kukuona mume, nikakuambia. Nikiolewa na wewe nitaishi nimefunga mdomo, Masele. Siku nikilemewa na jambo, nitamwambia nani?"

"Kwani hunipendi tena?"

"Nakupenda sana. Kwa heri."

Akakata simu, akalaza kichwa kwenye cherehani akalia, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi. Waliopita njiani walimhurumia, wakasema masikini, yule dada analilia wateja wake.