Kitambaa cha Mafundo Saba

Bomba la bafuni lilikuwa linanukia marashi. Fundi akakunja pua, maana bomba la maji machafu kazi yake ni kunuka. Lakini yeye si ndiye bwana najua yote? Akasema ni sabuni ya mama mkwe wake.

"Kazi ya ovyo hii!" alifoka, akigonga tindo kwenye zege lililofunika bomba. Tangu aanze ufundi hajawahi kusifu kazi ya mwenzake hata siku moja.

Mama mkwe alisimama mlangoni. "Mwanangu," alinong'ona, "mganga alikataza zege hilo lisiguswe. Kuna kitu alikifunga humo zamani."

"Mama, humo kuna ufa, basi. Maji yanarudi sakafuni. Mjukuu wako anatoka hospitali leo, mtamwogeshea kwenye tope?"

Mtoto mwenyewe ndiye wa kwanza, baada ya miaka tisa ya kungoja. Fundi alivyovimba kichwa, ungedhani kajifungua yeye.

Zege likabanduka. Bomba la plastiki lilikuwa limepasuka, na kwenye ufa mtu alikuwa amesokomeza kitambaa cheupe chenye mafundo saba.

"Tambara! Mtu mzima anaziba bomba kwa tambara!"

Akakivuta. Kilikuwa kikavu, kikavu kabisa, ingawa maji yamepita ubavuni mwake miaka yote hiyo, na kadiri alivyovuta ndivyo kitu cha upande wa pili kilivyokuwa kikivuta nacho, mpaka kikaachia ghafla, yale marashi yakamjaa kooni, na kutoka ndani ya bomba, polepole, kwa sauti ya fundi mwenyewe, kikasema: "Kazi ya ovyo hii."

"Mwangwi tu," alisema fundi. Akakata kipande kilichopasuka, akaunga kipya kwa gundi, akamwaga zege.

"Kitambaa umekirudisha?" mama mkwe aliuliza.

"Nimekichoma na takataka."

Mama wa watu akakaa chini palepale.

Mchana mtoto akaletwa, akaogeshwa. Maji yakashuka vizuri, na bomba sasa lilinuka kama bomba.

"Haya, jini wenu yuko wapi?" Fundi akacheka, akainama kumbusu mwanawe utosini. Utosi ulinukia marashi.

Kichanga cha siku nane kikafumbua macho, kikamtazama baba yake juu mpaka chini, kikakunja pua.

"Kazi ya ovyo hii," kikasema.