Kitanda cha Mbao za Bandarini

Siku lori la paleti linapoingia soko la mbao la Ashaiman, adabu huwekwa kando. Wazee kwa vijana huvutana mashati, kila mtu akigombania mbao zilizobeba mizigo ya meli mpaka bandari ya Tema kisha zikatupwa. Enyonam, fundi cherehani, alikuwa amejitosa humo na gauni lake la kitenge cha manjano, akitafuta mbao za rafu za duka lake. Alipoipata paleti safi, nyeupe, mtu akaishika upande wa pili.

"Hiyo iache, dada."

"Niiache kwani umeizaa wewe?"

"Sijaizaa. Lakini nakusikia unavyopumua. Una pumu?"

Swali lilimkera kwa sababu lilikuwa kweli. Aliyeuliza alikuwa mwanamume mrefu, shati limejaa vumbi la randa, penseli nyuma ya sikio, jina lake Laryea. Aliigeuza ile paleti akamwonyesha muhuri uliochomwa ubavuni. Palipoandikwa HT, mbao zimekaushwa kwa joto tu. Palipoandikwa MB, zimefukizwa sumu ya kuulia wadudu. Hii ilikuwa MB.

"Asiyesoma muhuri asiingize mbao ndani kwake," alisema. "Rafu zako nitatengeneza mimi."

"Kwa bei gani?"

"Kenkey ya mahindi na samaki wa kukaanga. Na unikalie hapo mpaka nimalize kula."

Rafu zilikwisha, akatengeneza kigoda ambacho hakuna aliyekiagiza, kisha meza. Enyonam naye akawa hakosi pale karakana. Akajifunza kupenyeza mtaimbo chini ya ubao na kuunyanyua kidogo kidogo, usije ukapasuka penye msumari.

"Taratibu, mpenzi," Laryea humwambia. "Ubao haujui kama unaupenda. Unajua nguvu zako tu."

"Maneno hayo umewaambia wangapi?"

"Wateja wote. Ila hawa wengine siwaiti mpenzi."

Mwaka haukuisha, wazee wa Laryea wakaenda kubisha hodi ya posa kwa baba yake Enyonam, na vinywaji mkononi kama inavyotakiwa. Baba akavipokea, siku ya kutoa jibu ikabaki kupangwa. Laryea akaapa kwamba kitanda watakacholalia atakiunda kwa mikono yake, akaanza siku ileile.

Wiki moja baadaye Enyonam alimpelekea chakula cha mchana akamkuta anakivunja kile kitanda. Hakuwa anang'oa misumari kama alivyomfundisha. Alikuwa anakipiga kwa nyundo, vipande vinaruka.

"Laryea, unafanya nini?"

Alishtuka, akainamisha macho. "Nenda nyumbani, Enyo. Nitakueleza."

"Nieleze sasa."

Laryea akampa mgongo, akaanza kuokota vipande. Jioni ile hakuja, na ya kesho yake hakuja. Mwanamke afikirie nini? Mtu anayevunja kitanda cha ndoa wiki moja tu baada ya kubisha hodi, si ameshasema? Siku ya tatu Laryea alipopiga simu, Enyonam alikuwa keshapanda basi kwenda mji wa Ho, kwa dada yake.

Huko alishona nguo za harusi za watu wengine. Alimtamani Laryea mpaka akajionea aibu. Alitamani vumbi lake, vicheko vyake, hata ile tabia yake ya kula samaki na vichwa. Simu ilipoita alilitazama jina mpaka mlio ukakatika, kisha akakasirika kwamba umekatika. Miezi miwili ikapita hivyo.

Ndipo baba yake akampigia. "Mwanangu, vinywaji vya watu havikai kwangu bila jibu. Jumamosi wajomba zako wanavirudisha. Vikirudi, basi tena. Kama una neno, lilete."

"Yeye anasemaje?"

"Anakuja kila Jumapili, anakaa, anakunywa maji, anaondoka. Bubu kabisa."

Ijumaa saa nne asubuhi Enyonam alikuwa mlangoni pa karakana.

"Umekonda," alimwambia.

"Na wewe umenenepa."

"Usinichekeshe, sikuja kucheka. Kwa nini ulivunja kitanda chetu?"

Laryea alipenyeza mtaimbo chini ya ubao, akaung'oa. "Kilikuwa na MB. Mbao za upande wa kichwani. Muhuri ulikuwa umekatwa nusu, nikaupuuza. Nilipogeuza nipige randa upande wa pili, nikaukuta mwingine mzima. Mimi, Enyo, ninayewacheka mafundi soko zima. Ningekulaza na kifua chako juu ya sumu."

"Ndiyo usiseme?"

"Baba yako alishapokea. Niliona ukijua, kila siku utajiuliza nitakosea nini tena. Nikaona haya."

"Haya. Nimelia mpaka dada yangu akaniambia nihamie bombani, kumbe ni haya zako."

"Nisamehe."

"Bado. Kwetu siku ya jibu, binti huulizwa mara tatu mbele ya watu kama vinywaji vikubaliwe. Leo nauliza mimi. Kuna kingine unachonificha?"

"Hakuna."

"Kuna kingine?"

"Hakuna, Enyo."

"Laryea. Kuna kingine?"

Aliuweka mtaimbo chini. "Nilikuja Ho. Mara mbili. Nilifika mpaka kona ya kwa dada yako, nikakuona barazani na cherehani yako. Nikashindwa kuvuka barabara, nikarudi."

Enyonam alivuta kigoda akaketi.

"Mjinga wewe," alisema polepole. "Ndani kwa dada kuna taa, kuna feni, kuna meza kubwa ya kushonea. Unadhani barazani nilifuata nini, kama si kuitazama barabara?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Laryea wala hayafuti. Enyonam akatoa simu yake akampigia baba.

"Baba, waambie wajomba kesho wasiende popote. Mimi ndiye nitakayekuja, niulizwe mara tatu."