Misumari ya Mvule

Anayetaka kubisha akabishane na ukoo wetu mzima, maana fundi seremala ninayemsimulia ni mume wa dada yangu. Tunamwita Mbishi, hata kivuli chake hukibishia. Mchana ule alikuwa karakanani nyuma ya nyumba, anapiga mluzi, analipima gogo la mvule ulioangushwa na upepo.

Mvule ule ulikuwa dawa. Magome yalichemshwa, mwenye kifua akanywa, kisha mganga akapigilia msumari shinani. Kikohozi kikabaki mtini, mtu akaenda zake. Dada alitibiwa hivyo utotoni, alipokuwa akikatika pumzi.

"Mume wangu, gogo hilo liache lilivyo," alisema kutoka jikoni. "Msumari wangu umo humo."

"Na msumeno wangu uvunjike meno? Thubutu!"

Akaanza kuing'oa misumari. Fundi gani anapasua mti wenye chuma ndani?

Wa kwanza ulitoka ukilia kama bawaba kavu. Ng'ambo ya ukuta, fundi cherehani akakohoa.

Mbishi akacheka. "Pole, jirani! Vumbi hilo!"

Akang'oa mwingine. Muuza mkaa akakohoa barabarani. Akang'oa mwingine, na mwingine, na kikohozi kikapokezana nyumba hadi nyumba. Mluzi ukamkauka mdomoni. Lakini mkono ulishazoea kazi. Ukavuta na wa mwisho.

Jikoni sufuria ikaanguka.

Alimkuta mkewe ameng'ang'ania mlango, midomo imepauka, kifua kinapanda hakishuki.

"Rudisha," alinong'ona. "Wangu... rudisha."

Upi? Yote ina kutu ileile. Mbishi akakimbilia karakanani, akapiga magoti kwenye maranda, akapigilia. Msumari wowote, tundu lolote. Jirani akanyamaza. Akapigilia. Barabara ikanyamaza. Mkewe akateleza mpaka sakafuni. Akapigilia. Akajiponda kidole. Hakusikia maumivu. Akapigilia wa mwisho.

Kimya.

Kisha mkewe akavuta pumzi, ndefu, nzima. Mbishi akamkimbilia, akamkumbatia, akalia bila aibu.

"Umenitisha, mama. U mzima?"

"Mzima," alisema. Akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mwanamume mzee, kizito, chenye kukoroma mwishoni. Wakatazamana. Dada akajifuta mdomo kwa kitambaa.

Dada yangu hajagusa tumbaku maishani mwake. Lakini kitambaa kile tumekifua, tumekianika, tumekifua tena, na doa la ugoro bado halijatoka.